Mfanyabiashara wa Mpondwe alale wapi?

Tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, tumesikia mengi juu ya ushuru, vyeti vya asili ya bidhaa na barabara ya Kasindi hadi Beni. Habari za usiku hatuzisikii sana. Mwenye lori la saruji ya Hima na mama mwenye marobota ya nguo kutoka Kampala, wote wanakwenda Kasindi, na mara nyingi wote watalala njiani kabla ya kuvuka mto Lhubiriha.

Barabara yenyewe wasomaji wetu wanaijua. Anayetokea Fort Portal hupita Hima, Rukoki na mji wa Kasese. Anayetokea Mbarara huteremka hadi daraja la Katunguru na kukatiza Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth. Hukutana Kikorongo, ambapo njia ya Bwera na Mpondwe huchepuka kuelekea magharibi. Kutoka hapo zimebaki kama kilomita 40, na dereva aliyechoka hujiambia atazimaliza tu. Hapo ndipo pa hatari. Giza likiingia, tembo na viboko huvuka lami, na lori likivunjika ekseli porini halina jirani wa kuliita.

Katika wilaya hii hofu ya usiku si ya kubuni. Usiku wa Juni 16, 2023, waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha, pale Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Oktoba 17 mwaka huo huo wakawaua watalii wawili na mwongozaji wao ndani ya hifadhi, wakalichoma gari lao.

Mtalii anayezunguka Afrika Mashariki na gari lenye kitanda na jiko, kabla hajaondoka kwao anajua atapiga kambi wapi na nani atalinda lango. Dereva wa mchele hana orodha hiyo. Hulala sheli kwa hisani ya mlinzi, au kwenye foleni ya mpakani, utingo akikesha ili dizeli isinyonywe. Kwa wanawake ni taabu zaidi. Wapo wanaoona heri kukesha juu ya marobota kuliko kulipia chumba ambacho mlango wake haufungi.

Saa nazo huwaponza watu. Kasindi iko nyuma ya Mpondwe kwa saa moja. Anayetoka Beni akifika mpakani saa kumi na moja jioni hudhani bado ni mapema. Akivuka, Uganda ni saa kumi na mbili, na akimaliza forodha jua limezama.

Gazeti hili linaomba jambo dogo. Makao makuu ya wilaya ya Kasese yako Rukoki, kando ya barabara ya Fort Portal. Hapo patengwe uwanja wenye ua, taa, maji, vyoo, na banda la wanawake lenye kufuli. Uwanja wa pili uwe Bwera, karibu na foleni. Atakayeuliza nani atalipa, tunamjibu kwamba wafanyabiashara wanalipa hata sasa, kwa walinzi na vijana wa mtaani, ila hawapewi risiti. Ada inayojulikana, yenye risiti na mtu wa kuwajibika mzigo ukipotea, wataitoa bila ugomvi. Na Jumuiya, inayopenda sana kuzindua majengo ya mpakani, ikumbuke kwamba mpaka ukifunguliwa usiku kucha bila mahali pa kulala, dereva ataona anaruhusiwa kupita Kikorongo gizani.

Kwa sasa, anayetoka Mbarara akifika Ishaka jua limeshainama, alale Ishaka, asiingie hifadhini. Wa Fort Portal alale mjini Kasese, aondoke kukipambazuka. Anayeingia kutoka Kongo jioni abaki Bwera, hata kama mteja wa Kampala anapiga simu kila dakika kumi.

Mwaka wa fedha wa Uganda huanza Julai 1. Bajeti ya wilaya itakapotoka, tutatafuta ndani yake fungu la maegesho ya usiku, na tutawaambia wasomaji tulichokikuta.