Ruzuku ya Maji Huanzia kwenye Daftari la Mvua

Nachingwea, kusini mwa Tanzania, inajua madhara ya andiko la mradi lililopitishwa haraka. Mwaka 1946 tume ya watu watatu, ikiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ilizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, kisha ikaripoti kwamba karanga zingestawi kwenye mamilioni ya ekari za pori. Serikali ya Uingereza ikaidhinisha pauni milioni 25. Matrekta yakashushwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandazwa hadi Nachingwea. Januari 1951 mpango ukafungwa, hasara ikiwa imefika pauni milioni 36 hivi. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Sababu za anguko lile ni nyingi, lakini moja inawahusu moja kwa moja watu wanaosaka fedha za utafiti wa maji leo: waliopanga hawakuwa na kumbukumbu za mvua za kutosha. Kongwa, ambako kazi ilianzia, mvua iligoma na udongo ukakauka kama tofali. Wiki tisa hazitoshi kuujua hata msimu mmoja.

Siku hizi andiko kama lile la Wakefield lisingevuka meza ya kwanza. Ruzuku za utafiti zinazotolewa kwa ushindani zina fomu inayouliza swali la utafiti, mbinu, bajeti, washirika, kisha inafika pale panapowaangusha wengi: onesha takwimu za awali. Mwombaji wa chuo kikuu Dar es Salaam, Morogoro au Arusha ana cha kuweka hapo. Ana maabara, ana tasnifu za wanafunzi waliomtangulia. Mwombaji aliyeko Ruangwa, wilaya jirani na Nachingwea, hata akiwa mhandisi mzuri wa maji anayekijua kila kisima cha kata yake, mara nyingi ana masimulizi tu. Anajua kisima kipi hukauka Septemba na kipi hubadilika rangi mvua zikianza. Hayo yote yako kichwani, na kichwa hakiambatanishwi kwenye fomu.

Mkulima wa korosho wa huko huko analielewa jambo hili bila kufundishwa. Kabla Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI, kinachounganisha wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hakijapeleka korosho mnadani, mzigo umeshapimwa ghalani uzito na ubora. Siku ya mnada haiongezi ubora wa mzigo. Tangazo la ruzuku nalo haliongezi takwimu za mtu.

Mfano ulio bora kuliko yote upo nchini, tena si wa mbali. Makutupora, kwenye visima vinavyoinywesha Dodoma, watu walishusha kipimo kisimani na kuandika kina cha maji tangu katikati ya miaka ya 1950. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha: kamba, kipimo, namba, tarehe, kisha kesho tena. Mwaka 2013 rekodi hiyo ya miaka 55 ilizaa makala katika jarida la Nature Climate Change, yenye watafiti wa Tanzania na wenzao wa Uingereza wakiongozwa na Richard Taylor wa University College London. Ilionesha kuwa maji ya ardhini pale hayajazwi na kila mvua. Hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997 na 1998. Baadaye Makutupora ikawa miongoni mwa maeneo ya mradi wa GroFutures, uliopata fedha kwa ushindani katika programu ya Uingereza ya UPGro kuhusu maji ya ardhini Afrika. Programu hiyo ilitoa kwanza ruzuku ndogo za mwaka mmoja, ndipo zikafuata kubwa.

Wahandisi na maprofesa walistahili sifa zao. Ila aliyeshusha kamba miaka ile ya 1950 ndiye aliyeanza kuliandika andiko la mradi ule, bila kujua.

Nachingwea na Ruangwa hazikosi maswali ya kushindania. Ardhi ya huko kwa sehemu kubwa imekalia miamba mikongwe migumu, ambamo maji hukaa kwenye nyufa na tabaka lililooza. Kisima kimoja hutoa, cha jirani kinatoka kikavu. Je, visima hivi navyo hujazwa na mvua chache kubwa? Mji wa Nachingwea unapata maji kutoka chanzo cha Mbwinji, upande wa Masasi, chanzo ambacho Masasi nayo inakitegemea. Vijiji vya wilaya zote mbili vimewekewa matumaini kwenye mradi wa kuvuta maji kutoka Nyangao. Chanzo cha Nyangao kitastahimili miaka mingapi ya ukame? Wilayani Ruangwa uchimbaji wa madini ya kinywe umeanza, na mgodi wowote unahitaji maji. Yapo pia masalia ya miradi ya Finland, iliyoandaa mpango mkuu wa maji wa Mtwara na Lindi katika miaka ya 1970. Pampu za mkono za NIRA zilifungwa, nyingine zikafa. Nani amehesabu zilizobaki na kuuliza zimebaki kwa nini? Huo peke yake ni utafiti kamili, na gharama yake ni pikipiki, mafuta na miezi michache ya uvumilivu.

Kinachofanyika badala yake, aghalabu, ni semina za kuandika maandiko. Washiriki hujifunza kupanga malengo, matokeo na viashiria. Si vibaya. Lakini ni sawa na kumfundisha mtu kufunga mzigo ambao hana.

Watasema wengine kwamba mwanamke mwenye ndoo ya lita 20 kichwani anataka bomba, hataki daftari. Hoja hiyo ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kuamka saa kumi usiku kuwahi foleni. Hata hivyo kisima kirefu kinachochimbwa mahali pasipo maji kinakula fedha zile zile ambazo zingempa bomba. Kila tundu kavu likiandikwa mahali lilipo, kina chake na mwamba uliokutwa, la pili linaweza kuepukwa. Lisipoandikwa, mkandarasi ajaye atachimba hatua hamsini kutoka pale pale.

Wakati nao umebana. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa Julai 2025. Uingereza imetangaza kupunguza misaada hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Fedha zinapungua na waombaji wanaongezeka. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ingefanya jambo la maana ikitenga dirisha dogo kwa ajili ya wilaya, ruzuku ya mwaka mmoja inayodai vipimo tu, na mwombaji mkuu awe anaishi huko huko. Chuo kikuu kiwe mshirika, kisiwe mwenye nyumba.

Bodi ya Maji ya Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye ofisi Mtwara, haiwezi kuweka mtu kila kijiji wa kuchukua vipimo hivyo. Lakini shule za sekondari zimo karibu kila kata, zina walimu wa jiografia na wanafunzi wanaosoma mada ya hali ya hewa bila kugusa kifaa. Kipima mvua ni chombo rahisi: mtungi, faneli na kijiti cha kupimia, mahali pa wazi pasipo kivuli cha mwembe. Husomwa saa tatu asubuhi kila siku, Jumapili ikiwemo, na asubuhi isiyo na mvua huandikwa sifuri badala ya kuachwa wazi. Mwanafunzi akihitimu, daftari linabaki kwa mwenzake. Mvua za kusini huanza Novemba au Desemba, kwa hiyo shule inayotaka kuuwahi msimu ichimbie nguzo na kuchora mistari kwenye ukurasa wa kwanza kabla ya hapo.