Istilahi za Vita Zimelala Kibera

Mwanafunzi wa Kiswahili akitaka kujua ni majeshi gani yaliyorusha ndege ya kivita ya Hurricane, atasoma habari za Uingereza, Muungano wa Sovieti, Ufini na India. Tena kwa Kiingereza. Ilhali ndege hiyo iliruka papa hapa petu. Mwaka wa 1940 marubani wa Afrika Kusini waliirusha kutoka Kenya kupambana na Fiat CR.42 za Waitaliano waliotawala Uhabeshi na Somalia, hadi Addis Ababa ikatekwa Aprili 1941. Chini yao walipiga miguu askari wa King's African Rifles, jeshi lililoamrishana kwa Kiswahili. Je, askari hao waliziitaje ndege hizo? Istilahi tunazofundishana leo, kama vile rubani na mwanahewa, hazijibu swali hilo.

Kibera yenyewe ilianza kama makao ya Wanubi, askari wa jeshi lilo hilo. Mwanafunzi aliyepanga chumba Gatwekera haishi mbali na wajukuu wao, lakini tasnifu yake itahusu jazanda katika riwaya iliyokwisha kuchambuliwa mara ishirini! Sipingi uhakiki wa riwaya. Nasema tu kwamba wazee waliosimuliwa na baba zao wanapungua kila uchao. Idara zetu ziidhinishe utafiti wa nyanjani huko Kibera, tena mwaka huu.