Hifadhi za taifa ni zetu pia: maneno kabla ya kambi ya likizo kubwa



Katika maparokia yetu ya Katanga, kambi ya likizo kubwa huanza kuzungumzwa mara tu Pasaka inapopita. Kiro, Xaveri, Maskauti, Kizito-Anuarite, wanakwaya: kila kundi lina ndoto yake, na siku hizi ndoto hiyo mara nyingi ina jina moja, Kundelungu. Vijana wameona katika simu picha za maporomoko ya Lofoi, maji yanayoanguka zaidi ya mita 300 kutoka ukingo wa uwanda wa juu, wakasema: na sisi twende. Mimi naunga mkono. Ninachokipinga ni utaratibu wetu wa kupanga. Tunaanza na rangi ya fulana, tunafuata na muziki, kisha gari, kisha mchango wa kila mmoja, na mwisho kabisa, siku chache kabla ya kuondoka, mtu anauliza kama walinzi wa hifadhi wanajua kwamba tunakuja.

Kabla ya kusema tupange namna gani, niwajibu wazee wanaosema kwamba hifadhi ni mambo ya Wazungu na ya watalii, na kwamba kijana wa parokia hana kazi huko. Neno lao lina mzizi wa kweli. Hifadhi ya Virunga iliundwa na Wabelgiji mwaka 1925, ikabeba jina la mfalme wao Albert. Garamba ikafuata mwaka 1938, na Upemba mwaka 1939. Waliokuwa wakilima na kuwinda katika ardhi hizo hawakuulizwa. Wala jambo hilo halikukoma na uhuru. Kundelungu, Salonga, Maiko na Kahuzi-Biega zote ni za mwaka 1970, na Wabatwa walioondolewa katika msitu wa Kahuzi-Biega bado wanalia haki yao. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliosema wazi kwamba Serikali yetu ilizivunja haki hizo. Kijana anayekwenda hifadhini ayajue haya kabla ya kupiga picha ya kwanza.

Lakini kutoka hapo kufika kusema "kwa hiyo tusiende" ni kuruka mto pasipo daraja. Kama ardhi hiyo ilichukuliwa kwa jina la taifa, basi mtoto wa Katuba au wa Kenya, mtaa wetu huu wa Lubumbashi, ana haki ya kuiona kuliko mgeni mwenye tiketi ya ndege. Punda milia wa porini wa Kongo wako huku kwetu tu, katika nchi ya Upemba na Kundelungu, nao wamebaki wachache. Wengi wenu mmemjua mnyama huyo katika kitabu cha darasa la kwanza. Baada ya miaka kumi mmoja wenu atakuwa mwalimu, mwingine atafanya kazi katika kampuni ya madini, mwingine atakaa katika ofisi ya komini akitia sahihi karatasi za ardhi, na wote mtanunua makala ya kupikia, ambayo kila mwaka hutoka katika miti ya mbali zaidi na mji. Mtaamua mambo ya uwanda ule, mpende msipende. Naona afadhali aamue mtu aliyewahi kulala juu yake na kuusikia usiku.

Basi, majira. Hapa ndipo picha za simu zinapodanganya sana. Lofoi hujaa maji wakati wa mvua, hasa kati ya mwezi wa pili na wa nne. Lakini wakati huo barabara ni tope, na gari linaweza kukaa siku mbili mahali pamoja. Likizo kubwa huanguka katika kiangazi, barabara ikiwa kavu, na maji ya Lofoi yakiwa yamepungua sana. Huwezi kupata vyote viwili. Kundi moja la vijana nililolifahamu lilirudi likinung'unika kwamba limetapeliwa, kana kwamba walinzi walikuwa wamefunga bomba. Hakuna aliyewatapeli, hakuna aliyewaeleza. Ushauri wangu ni kwenda mapema, katika juma la pili la mwezi wa saba, maji yakiwa bado na nguvu kidogo na mioto ya nyika ikiwa haijaenea, kwa maana mwezi wa nane na wa tisa moshi hufunika kila kitu. Na waambieni vijana mapema kwamba wanakwenda kuona uwanda, nyasi, ndege na wanyama, na kwamba maporomoko watayakuta yamekonda.

Kisha kuna baridi. Mtu wa Lubumbashi anadhani anaijua baridi ya mwezi wa sita na wa saba. Juu ya uwanda wa Kundelungu, usiku, katika hema jepesi, ataifahamu upya. Blanketi mbili kwa kila mtu, soksi, na kofia ya sufu. Naliandika hili kwa sababu nimeona orodha za vifaa zenye spika mbili za muziki na zisizo na blanketi hata moja.

Barua ndiyo kazi ya kwanza. Hifadhi zote za taifa ziko chini ya ICCN, taasisi ya Serikali inayohifadhi maumbile, na ofisi zake hupokea barua za vikundi. Kundi linalotaka kwenda mwezi wa saba liandike mwezi wa tatu, kwa jina la parokia, na sahihi ya padri paroko. Mwulize kama hifadhi iko wazi kwa wageni kipindi hicho, mahali gani panaruhusiwa kupiga kambi, watu wangapi wanapokelewa pamoja, maji ya kunywa yako wapi, nani atawaongoza hadi kwenye maporomoko, na ada ni kiasi gani. Juu ya ada, ulizeni bei ya raia, kwani mara nyingi siyo ile ya wageni wa nje. Ombeni jibu kwa maandishi. Kundi linalofika mlangoni bila taarifa, likiwa na watoto hamsini na ngoma, linamtia mlinzi katika shida: akikataa anaitwa mkatili, akikubali anabeba dhamana ya maisha ambayo hakuandaliwa kuibeba.

Na wakisema "msije", msibishane. Walinzi zaidi ya 200 wamekufa katika Virunga peke yake tangu hifadhi hiyo ianze, na huko Upemba pia makundi yenye silaha yamewahi kushambulia vituo. Mwaka 2018, baada ya mlinzi kuuawa na wageni wawili kutekwa, Virunga ilifungwa kwa watalii hadi mwezi wa pili wa 2019. Watu wanaolipa gharama hiyo wanajua wanachosema. Wenzetu wa Goma na Bukavu, ambao vita imewafungia njia, watanisamehe nikizungumza mfululizo juu ya Kundelungu. Najua kwamba kwao hata kufika kijiji cha jirani si neno dogo.

Sasa nifike penye uchungu, ndiyo mchango. Desturi yetu ni kugawanya gharama kwa idadi ya vijana, kutangaza kiasi baada ya misa, na kuweka tarehe ya mwisho. Tarehe ikifika, waliolipa wanakwenda, wasiolipa wanabaki. Kiongozi mmoja aliniambia bila haya: "Mwalimu, asiye na pesa abaki akituombea." Alicheka, mimi sikucheka. Tazameni ni nani hubaki. Ni yatima anayeishi kwa shangazi yake, ni binti anayeuza ndakala sokoni pamoja na mama yake, ni mtoto wa mwalimu ambaye mshahara haujafika. Hao ndio wanaofagia kanisa Jumamosi. Kisha kundi linarudi na picha, linazionyesha ukumbini, na tunashangaa kwa nini mwezi wa tisa nusu ya wanachama hawaonekani tena.

Hesabu yenyewe inatupinga. Katika safari kama hii, sehemu kubwa ya fedha huliwa na usafiri, na gari lililokodiwa hugharimu sawa likibeba ishirini na watano au likibeba arobaini. Kumwongeza asiye na kitu hakuzidishi gharama kama tunavyodhani. Kunaongeza unga, maharagwe na ada yake ya kuingilia. Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, na najua litapingwa: safari moja kila baada ya miaka miwili, yenye watu wote, badala ya safari ya kila mwaka yenye wenye uwezo. Miaka miwili inatosha kwa kundi kulima bustani ya mboga nyuma ya parokia, kuuza, kuweka akiba kidogo kidogo kila juma, na daftari kusomwa hadharani kila mwezi ili asiwepo wa kunung'unika. Mwaka wa katikati nendeni karibu. Bustani ya wanyama ya Lubumbashi iko mjini. Kijana aliyeitembelea kwa utulivu, akasoma vibao, akamwuliza mtunzaji maswali, anafika Kundelungu akiwa na macho.

Nitasema kwa kifupi juu ya gari, kwa sababu hapa hakuna cha kujadili. Kamyo ya mizigo haibebi watoto. Hakuna safari ya usiku. Kama fedha hazitoshi basi lenye viti, safari haipo.

Wazazi, na hasa akina mama wanaokataa binti zao wasiende, tumezoea kuwaita wagumu. Mimi naona wanauliza maswali ambayo sisi tulipaswa kuyajibu kabla hatujaulizwa. Mahema ya wasichana yatakuwa wapi? Mama gani mtu mzima atalala karibu nao? Mtoto akishikwa na malaria usiku, dawa iko kwa nani, na kituo cha afya kiko umbali gani? Simu haishiki kila mahali kule: je, habari zitafika nyumbani saa ngapi na kwa njia gani? Kundi likiyaandika majibu kwenye karatasi moja na kumpelekea kila mzazi mkononi, siyo kwa ujumbe wa simu, litashangaa ni milango mingapi itafunguka. Jumapili nayo ipangwe mapema pamoja na paroko. Kama hakuna padri atakayefuatana nanyi, ulizeni kuna kanisa dogo gani karibu na njia, mkasali pamoja na wenyeji.

Wenyeji hao ndio sehemu ya safari tunayoipita kwa mwendo kasi, tukipunga mikono dirishani. Vijiji vya kando ya hifadhi vinabeba mzigo wake: mashamba yanaliwa na wanyama, na kuwinda ni marufuku. Simameni. Msalimuni mzee wa kijiji. Nunueni kwao unga, sombe na viazi, badala ya kubeba kila kitu kutoka mjini, na bei msiivute hadi chini kana kwamba mko soko la Mzee.

Kitu kimoja msikinunue, nacho ni nyama ya pori. Kando ya barabara mtaiona ikining'inia, imekaushwa kwa moshi, na mtu atawaambia kwamba nyumbani watafurahi. Kuna vikundi ambavyo vilikaa siku tatu vikifundishwa juu ya wanyama, vikaimba, vikapanda mti, kisha wakati wa kurudi vikajaza mfuko. Aliyemwua mnyama yule huenda alikuwa na njaa, nami simhukumu. Sisi tulikuwa tumeshiba bukari. Viongozi wakubaliane juu ya hili kabla ya kuondoka, walitangaze mbele ya wote, na mifuko ikaguliwe, ya viongozi kwanza.

Wanaotaka msaada wa kuandika barua kwa ICCN wanikute ukumbini baada ya mafundisho ya Jumamosi. Waje na idadi ya watu, na pamoja nayo majina ya wale ambao tayari wanajulikana kwamba mchango hawatauweza.