Ligi Yetu Nani Ailishe?

Ligi ya kabumbu ni nyumba ya watu wengi, hula kila siku. Timu isafiri, ilale, ile, mwamuzi alipwe, mchezaji apate mshahara, kwani naye ana wazee na watoto. Nani hulipa?

Hapa Kenya, kwa miaka kadhaa, aliyelipa alikuwa mwenye kamari. SportPesa iliidhamini ligi kuu tangu 2015. Kodi ya michezo hiyo ilipopandishwa hadi asilimia 35, ikajitoa mwanzo wa 2018. Ikarudi, 2019 leseni ikasimamishwa, ikaondoka tena, na Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki mikono mitupu. Mwaka huo huo Sony Sugar, mabingwa wa 2006, wakatolewa ligini kwa kukosa kufika mechi tatu. Ikaja BetKing, kamari nyingine, 2020, na ahadi ya shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano. 2021 ikaenda zake.

Hukumu ya kamari twaijua tangu chuoni, sina haja ya kufungua msahafu. Nami leo naitazama biashara tu. Fedha ile hutoka mfukoni mwa kijana yule yule ambaye angelipa kiingilio. Shilingi zake hamsini amekwisha kuzitia kamarini, tena kwa timu za Uingereza, na Jumapili uwanja wetu u mtupu. Basi mdhamini huyo atupa kwa mkono wa kulia alichokwisha kutwaa kwa wa kushoto.

Tanzania walipata njia nyingine: 2021 Azam walitia saini miaka kumi ya haki za televisheni, shilingi za kwao bilioni 225.6. Bakhresa huuza unga, hauzi bahati. Lakini akina Bakhresa ni wangapi?

Nilipokuwa Mukuyuni, kule Makueni (mkuyu wa Wakamba ndio mkuyu wetu, jina halitaki mkalimani), nilikuta vijana wakienda kucheza mji wa jirani. Nauli ilichangwa sokoni: muuza maembe akatoa, fundi wa baiskeli akatoa, mwenye matatu akapunguza bei. Jioni wakarudi wamefungwa, na kila aliyetoa akadai aelezwe ilikuwaje. Walihesabiana hadi senti ya mwisho, mbele ya watu.

Vilabu vyetu vikubwa, hata Bandari wa hapa Mombasa wanaotunzwa na Mamlaka ya Bandari, navitaka vifanye hivyo hivyo: vichapishe viingilio vilikuwa kiasi gani, na vimekwenda wapi.