Hesabu ya Zahanati Iandike na Aliyerudishwa



Wengi wetu tukaao Kabiro, Kawangware na Kibera tumezoea kupanga foleni zahanati alfajiri kabla ya kuingia zamu. Basi ni haki yetu kujua namna kazi ya mahali hapo inavyopimwa.

Iko hesabu iliyotungwa Marekani na mabwana Charnes, Cooper na Rhodes mwaka 1978. Huchukua yaingiayo kituoni, yaani wauguzi, dawa, vitanda na fedha, na yatokayo, yaani wagonjwa waliotibiwa, akina mama waliozalishwa na watoto waliochanjwa. Kisha kila kituo hulinganishwa na wenzake. Kisichoshindwa hupewa alama moja kamili, nayo haina maana kuwa ni kizuri, ila kati ya vilivyopimwa hakuna kilichokipita. Mwaka 2004 Bwana Kirigia na wenzake walitangaza kwamba katika vituo vya afya vya serikali walivyopima hapa Kenya, asilimia 44 havikufika. Na hesabu hiyo huonyesha pia ni watu na vitu kiasi gani vilivyo “zaidi”.

Hapo sisi watu wa reli tunashtuka. Neno “zaidi” tunalijua. Likishaandikwa, ni mtu mwenye watoto.

Hatusemi hesabu ni mbaya, la. Muuguzi kukaa bure huku mwenzake kituo kingine anaelemewa ni hasara ya kodi yetu. Lakini treni ikisheheni mpaka mlangoni, karani ataandika kuwa imefanya kazi kuliko zote. Walioachwa stesheni hawamo kitabuni.

Mwenzetu mmoja wa karakana alimpeleka mtoto mwenye homa kwenye kituo kimoja. Akapimwa, akaandikiwa dawa, dawa hakuna, akanunue dukani. Katika daftari huyo ametibiwa. Mtoto alikaa siku tatu bila dawa, akingoja mshahara wa baba. Jirani yake aliyechoshwa na foleni akaenda zake hakuandikwa kabisa. Ada ya zahanati na vituo vya afya vya serikali iliondolewa mwaka 2013. Kumbe kwa wengine imehamia dukani tu.

Kwa hiyo twataka chama chetu, pamoja na vyama vya wauguzi na matabibu, kiiandikie Kaunti ya Nairobi: daftari liongezwe safu mbili, ya waliorudi bila kuonwa na ya waliokosa dawa. Wala muuguzi asihamishwe kwa ajili ya alama kabla chama chake hakijaiona hesabu yenyewe.

Hoja hii tutaileta mkutano wa tawi. Mwenye neno ampe karani wa tawi mapema.