Shahada Bila Mashahidi

Kila mwaka unapoelekea ukingoni vyuo vikuu vya Tanzania huanza kutandika mazulia. Majoho hukodishwa, wauza mashada ya maua hupanga bidhaa zao kandokando ya barabara inayoelekea langoni, na washairi hupigiwa simu. Nina neno kuhusu simu hiyo, lakini kwanza sharti tuitazame shughuli yenyewe tunayoitiwa.

Hakuna shughuli ya kisomi iliyojaliwa msamiati wa Kiswahili kuliko hii. Chuo, kabla hakijawa jengo lenye maktaba na kantini, kilikuwa kitabu, kisha kikawa mahali watoto wa pwani walipokalia mkeka mbele ya mwalimu wao. Kuhitimu kulikuwa kuufikisha msahafu mwisho wake, na siku hiyo mtaa mzima ulijua kwamba mtoto wa fulani amehitimu. Joho lilikuwa vazi la masultani, maliwali na mashekhe kabla halijawa la maprofesa. Mahafali ni mkusanyiko wa watu. Hata pale ambapo wahenga hawakutuachia neno, wataalamu wetu walilitafuta: wakamwona msomi wa ngazi ya juu kabisa kuwa mtu anayezama kilindini, wakatupa uzamivu. (Wanaobishania uzamili na umahiri waendelee kubishana. Ugomvi wa watu wenye maneno mawili kwa kitu kimoja ni ugomvi wa matajiri.)

Lakini neno zito kuliko yote ni shahada. Shahada ni ushuhuda. Imechipuka katika shina moja na shahidi, ushahidi na kushuhudia. Anayetunukiwa shahada anatolewa ushuhuda mbele za watu kwamba amesoma, amepimwa, ametosha. Na hao watu waliokusanyika hawako pale kujaza viti. Hao ndio mashahidi. Shahidi wa ndoa hutakiwa asikie na aelewe kinachotamkwa, la sivyo ni mgeni tu aliyekuja kula pilau. Basi niulizeni ni shahada ya namna gani inayotolewa mbele ya maelfu ya mashahidi kwa lugha ambayo wengi wao hawaielewi.

Maana ndivyo ilivyo katika vyuo vyetu vingi. Maandamano ya kitaaluma yanaingia, wimbo wa taifa unaimbwa kwa Kiswahili, watu wanaketi, na hapo Kiswahili kinaketi pia. Mkuu wa chuo anafungua mahafali kwa Kiingereza. Amidi mmoja baada ya mwingine anasimama kuwawasilisha wahitimu wa kitivo chake kwa Kiingereza. Kwa kuwa wahitimu ni wengi, wale wa shahada ya kwanza husimama mkupuo mmoja, mkuu anatamka yale maneno yanayomgeuza mwanafunzi kuwa msomi, kofia zinavaliwa, imekwisha. Mzazi aliyepanda basi usiku kucha kutoka Tunduru au Kibondo hakusikia hata jina la mwanawe, jina ambalo angalau angelielewa. Anaona kofia zikivaliwa, anafahamu kuwa jambo limetendeka, anapiga kigelegele. Kigelegele hicho ndicho ushahidi pekee tulioomba kwake.

Hutokea, na hili ndilo linalonichoma zaidi, kwamba miongoni mwa wanaosimama yumo aliyesomea Kiswahili. Idara ya Kiswahili pale Mlimani imekuwa ikifundisha Kiswahili kwa Kiswahili tangu mwaka 1970. Mtu huyo ameandika tasnifu yake kwa Kiswahili, ameitetea kwa Kiswahili, pengine juu ya mizani ya tenzi au lahaja ya Kimakunduchi. Siku ya kutunukiwa, usomi wake wa Kiswahili unatangazwa kwa Kiingereza, na cheti anachokabidhiwa mara nyingi kimeandikwa Kiingereza kitupu. Aliyetafiti lugha kwa miaka minne haaminiki kuwa ameijua mpaka lugha nyingine imthibitishe.

Msinielewe vibaya: Kiswahili hakikosekani ukumbini. Kipo kwa mshereheshaji anapowaomba wenye magari yaliyoziba njia wakayaondoe. Kipo katika kuwaelekeza wazazi waliko maturubai na vyoo. Kipo pale mgeni rasmi anapoiweka kando hotuba aliyoandikiwa ili atie mzaha, ukumbi ukacheka, kisha akairudia karatasi yake kwa sura ya kazi. Na kipo katika kile ambacho ratiba hukiita burudani. Hapo ndipo tulipo sisi.

Kihistoria hali hii ina maelezo, ila maelezo si udhuru. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na taratibu zake zilikuja na mlezi wake. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970 kikasimama peke yake, na mkuu wake wa kwanza akawa Julius Nyerere, mtu ambaye tayari alikuwa amemfanya Julius Caesar wa Shakespeare azungumze Kiswahili. Chuo kikajichagulia kaulimbiu ya maneno matatu, Hekima ni Uhuru. Sijasikia mtu yeyote akilalamika kwamba kaulimbiu hiyo imekishushia chuo hadhi kwa kuwa ni ya Kiswahili. Kama nembo inaweza kusema Kiswahili, kwa nini aliyeivaa kifuani asiweze?

Watetezi wa mazoea wana majibu yao, nami nimeyasikia kiasi cha kuyajua kwa moyo. La kwanza ni wageni. Husemwa kwamba wapo wanafunzi na mabalozi wasiojua Kiswahili, hivyo adabu yatutaka tuzungumze lugha watakayoielewa. Adabu gani hii inayomhudumia balozi mmoja kwa kuwanyima wazazi elfu tatu? Balozi apewe kijitabu chenye tafsiri, au akaliwe na mkalimani. Isitoshe, tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, na Februari 2022 Umoja wa Afrika ukakifanya lugha yake ya kazi. Mabalozi wanajifunza. Ni sisi tunaowaambia wasijisumbue.

La pili ni kwamba vyuo vinafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo havina budi kutunuku kwa Kiingereza. Juu ya lugha ya kufundishia nina msimamo wangu, na wengi wenu mnaujua, lakini leo siuhitaji. Hata anayeamini kwamba famasia lazima ifundishwe kwa Kiingereza haoneshi kwa nini mfamasia lazima atangazwe kwa Kiingereza kwa watu atakaowapa dawa. Darasani mwalimu huzungumza na mwanafunzi. Katika mahafali chuo huzungumza na umma uliokilipia, na umma huo una lugha. Mahakama zetu zilikuwa na hoja kama hizi hizi za uzito na istilahi, na bado mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mtuhumiwa akielewa hukumu yake, mzazi ashindwe kuelewa tunzo ya mwanawe?

La tatu ndilo la werevu kidogo. Wanasema: hata Oxford na Cambridge hutunuku shahada kwa Kilatini, lugha isiyozungumzwa na mtu sokoni, wala hakuna anayewalaumu. Ni kweli kwamba hutunuku kwa Kilatini. Lakini Kilatini cha leo hakina watoto wala hakina tabaka. Kinamfungia nje bwana mkubwa na mpishi wake, na wote wawili wanakaa kusikiliza mlio wa maneno kama wasikilizavyo kinanda. Kiingereza ukumbini Dar es Salaam hakifanyi hivyo. Kinaupasua ukumbi vipande viwili: wanaocheka kwa wakati na wanaocheka baada ya kuona wenzao wamecheka. Zaidi ya hayo, Kilatini kilipokuwa bado lugha ya madarasa ya Ulaya, walitokea watu wakakichoka. Christian Thomasius alitangaza mwaka 1687 kwamba angetoa mihadhara kwa Kijerumani katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Wenzake waliona ni utovu wa heshima, hatimaye akaondoka mjini na kuhamia Halle, ambako chuo kikuu kilifunguliwa mwaka 1694. Wajerumani hawakusubiri Kilatini kife ndipo waanze kuheshimu lugha ya mama zao.

Sasa turudi kwenye simu ile. Mshairi anaitwa. Anaambiwa atunge kitu kifupi, chenye kuchangamsha, kisiwe na siasa. Naye, Mungu amsamehe, anatunga. Ubeti wa kwanza salamu kwa mgeni rasmi, wa pili sifa za makamu mkuu, wa tatu majengo mapya, wa nne shukrani kwa wafadhili, vina vyote vikiishia kwenye ‑ni kwa sababu kila kitu Kiswahili kikitaka kinaweza kuishia kwenye ‑ni. Mathias Mnyampala aliikuza ngonjera ili watu wapambane kwa hoja wakiwa wamesimama jukwaani. Sisi tumeifanya zulia la pili, lile ambalo viongozi hulikanyaga kwa masikio. Halafu tunatoka nje tunalalama kwamba ushairi hauthaminiwi. Utathaminiwaje, ikiwa Kiswahili chenyewe kimeingizwa ukumbini kama mcheza ngoma, kikapewa dakika tatu, nasi tukazipokea na kusema ahsante?

Miaka michache iliyopita chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kiliniomba beti kumi za tarbia. Nikazipeleka. Zikarudi zikiwa tisa, na aliyezipitia aliandika pembeni ya ubeti uliokatwa: "Hauendani na furaha ya siku." Ubeti wenyewe ni huu:

Mama kauza mpunga, karo yako kulipia,
Jua na mvua kachanga, hadi leo kufikia,
Kingereza mmetunga, neno asilosikia,
Shahidi mmemtenga, nani atashuhudia?

Sidai kwamba ni ubeti mkubwa. Mizani imetimia, vina havikuteleza, basi. Nilichojifunza ni kwamba sifa zote tisa zilipita bila kuguswa hata nukta, na swali moja likakwama. Nikawaambia kumi au hapana. Wakamtafuta mwingine, wakampata siku hiyo hiyo; alikuwa na beti sita tayari, akabadilisha jina la chuo tu.

Yanayotakiwa hayahitaji tume wala bajeti. Mkuu wa chuo afungue na kufunga mahafali kwa Kiswahili. Amidi aseme, "Nakuletea hawa, wamesoma na wametosha." Maneno ya kutunuku yatamkwe kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa uangalifu, chenye mapigo, kitakachoweza kukaririwa miaka na miaka bila kuchakaa; na kwa nini kazi hiyo wasipewe washairi, ambao kazi yao ndiyo hiyo? Mimi ningependa yaseme hivi: "Kwa mamlaka niliyokabidhiwa na sheria, nakutunuku shahada hii, na hawa waliokulea, waliosikia na kuelewa, ndio mashahidi wake." Mwenye kauli bora kuliko hii ailete, nitafurahi kushindwa. Cheti kiandikwe kwa lugha mbili, Kiswahili juu. Anayekwenda kusoma au kufanya kazi ughaibuni ataonesha nusu ya chini, na bibi yake atasoma nusu ya juu.

Hadi hapo, malenga wenzangu, simu ikilia msikimbilie kalamu. Muulizeni anayewaalika swali moja: maneno ya kutunuku yatatamkwa kwa lugha gani? Akijibu kwamba hilo halimhusu mshairi, mwambieni mcheza ngoma hayupo, ampigie mwingine.