UBISHI WA MWANJELWA NA SIMBU ASIYE NA NAMBA

Kijana mwenzangu, pita Mwanjelwa jioni yoyote, au ukiwa Iringa simama pale Miyomboni. Utakuta wanaume na ndevu zao wanakunjana mashati: Messi na Ronaldo, nani zaidi? Waulize Mbeya City walimaliza nafasi ya ngapi msimu wa 2013/14. Kimya! Walikuwa wa tatu, Simba wakiwa nyuma yao. Tukuyu Stars, mabingwa wa Bara 1986, ndiyo kabisa hawatajwi.

Lakini ugomvi wangu hasa si huo. Nani kawaambia mchezo wa kutazama ni soka peke yake? Medali zetu za Olimpiki ni mbili tu, zote za fedha, zote za Moscow 1980: Filbert Bayi mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui mita 5,000. Wakimbiaji hao, si wacheza mpira. Bayi huyo huyo mwaka 1974 kule Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500, akiongoza tangu mwanzo hadi utepe.

Septemba 2025 Alphonce Simbu akatwaa dhahabu ya marathoni ya dunia mjini Tokyo. Alimpita Mjerumani hatua za mwisho kabisa, wote wakaandikiwa muda mmoja, 2:09:48. Jioni yake nikaomba kibandani watuwekee marudio. Nilizomewa! Walikuwa wanarudia mechi ya Uingereza waliyokwisha kuiona (na matokeo wanayajua).

Basi ndugu yangu, hiyo kumi bora yako unayoipigania, Simbu umemweka namba ngapi?